Huduma zinazojihuisha: Kimya cha mteja ndicho kibali cha kumtoza

WATUMIAJI wengi wa huduma za filamu, muziki na programu za kompyuta huendelea kukatwa pesa miezi kadhaa baada ya kuacha kuzitumia. Kiini chake ni kandarasi ambazo hujihuisha zenyewe muda unapokwisha.

Katika utaratibu huo, mteja hutoa idhini mara moja tu, anapojisajili na kuacha nambari ya kadi yake ya benki. Kuanzia hapo, kampuni humtoza ada kila mwezi au kila mwaka hadi atakapoagiza vinginevyo.

Mtego mkubwa ni kipindi cha majaribio bila malipo, kwani kikikamilika ada huanza kukatwa. Huduma ya Sh500 kwa mwezi ikisahaulika, mteja hupoteza Sh6,000 kwa mwaka.

Aidha, kuifuta programu kwenye simu hakusitishi malipo. Wateja wa Google na Apple hulazimika kufungua akaunti zao na kujiondoa huko. Apple hushauri kwamba kipindi cha majaribio kisitishwe angalau saa 24 kabla ya kwisha.

Kwa wafanyabiashara, hatari hujificha ndani ya kandarasi. Nyingine hudai ilani ya maandishi, mathalan siku 30 au 60 kabla ya muda kwisha. Kampuni ikichelewa, huenda ikafungwa kwa mwaka mwingine mzima na kuendelea kulipia hata nafasi za wafanyakazi walioondoka zamani.

Hata hivyo, utaratibu huu una manufaa. Huzuia bima kukatika, au anwani ya tovuti kupotea, kwa sababu tu karani alisahau kulipa.

Nchini Marekani, kampuni ya Amazon ilikubali mnamo Septemba 2025 kulipa dola bilioni 2.5, bila kukiri kosa. Ilikuwa imeshtakiwa kwa kuwasajili wateja katika huduma ya Prime bila idhini yao na kuwatatiza walipotaka kujiondoa.

Humu nchini, Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 humpa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma.

Lakini haki hiyo haimwondolei mteja wajibu wa kuwa macho. Ni vyema aandike tarehe ya kuhuishwa siku ile ile anayojisajili, akague taarifa ya benki kila mwezi na kuhifadhi ithibati ya kujiondoa. Kubadilisha kadi pekee hakuvunji kandarasi. Deni laweza kuendelea kurundikana.