Kobe Bapa Si Mnyama wa Kufuga Nyumbani

Wakazi wanakumbushwa kuwa kufuga au kuuza kobe wa porini bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013. Anayewavutia sana walanguzi ni kobe bapa, mla nyasi na majani, anayejificha kwenye nyufa za mawe katika maeneo kame. Jike kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa wakati. Wakichukuliwa wengi mlimani, idadi yao huchukua miaka mingi kurejea. Ukimwona, mwache alipo. Aliye naye nyumbani asimwachilie ovyo porini, bali aripoti katika ofisi ya KWS iliyo karibu.