Kabla mtoto hajabandua rangi ya gari lake la rimoti

Magari ya kuchezea yanayoendeshwa kwa rimoti yamekuwa ya kawaida katika nyumba nyingi za mjini. Machache hununuliwa mapya dukani. Mengine hutoka kwenye mitumba, mengine huletwa na ndugu anayeishi nje, yakiwa yameshachezewa na mtoto wa huko mpaka rangi imechubuka na stika zimekunjamana. Mtoto anayelipokea huwa na jambo moja tu kichwani: gari liwe lake. Liwe jekundu, au livae rangi za timu anayoshabikia. Na ili rangi mpya ishike vizuri, ya zamani inabidi itoke.

Hapo ndipo hutafutwa thina. Fundi rangi wa jirani hagomi kumgawia kijana kidogo. Inamiminwa kwenye chupa ya maji ya nusu lita, kwa kuwa hiyo ndiyo chupa iliyopo, kisha inawekwa barazani chini ya meza wakati kazi inaendelea.

Kijana mwenye gari ana miaka kumi, kumi na mbili. Anajua kwamba ile si maji, harufu peke yake inamwambia. Asiyejua ni mdogo wake wa miaka miwili, ambaye akiona chupa ya maji huona maji. Kwa hiyo mzazi anayejiuliza kama mwanawe mkubwa ana akili ya kutosha kufanya kazi hii anauliza swali sahihi kuhusu mtoto asiye sahihi.

Wengi hudhani hatari ya thina, petroli au mafuta ya taa iko tumboni. Hatari kubwa zaidi iko kwenye mapafu. Vimiminika hivi ni vyepesi na vinateleza. Mtoto akimeza funda moja huku akipaliwa, matone machache huingia njia ya hewa, husambaa haraka ndani ya mapafu na kuyachoma. Matokeo yake ni nimonia isiyotokana na mdudu yeyote, bali kemikali yenyewe. Ndiyo maana kumtapisha ni kosa: kinachorudi juu kinapata nafasi ya pili ya kuingia kwenye mapafu. Maziwa nayo, ambayo katika nyumba nyingi huaminika kwamba yanakata sumu, hayakati sumu hii. Yanachofanya ni kujaza tumbo na kuongeza uwezekano wa kutapika.

Dalili ni kikohozi, kupaliwa, kupumua haraka, mbavu kubonyea ndani anapovuta pumzi, kulegea au kusinzia. Zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, na hapa ndipo wazazi hudanganyika. Mtoto anacheza, basi wanaona yamekwisha. Apelekwe hospitali hata kama anaonekana mzima, na chupa yenyewe ichukuliwe ili daktari aone alichokunywa. Nguo zilizolowa zivuliwe na ngozi ioshwe kwa maji na sabuni. Kilichoingia machoni kisafishwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20 bila kukatisha, hata mtoto akilia.

Upo pia moto. Mvuke wa petroli na wa thina ni mzito kuliko hewa, hivyo haupandi juu na kupotea. Hutambaa sakafuni kutoka barazani hadi jikoni, ambako pengine jiko la mkaa linawaka. Moto huufuata mvuke ule ule kurudi ulikotoka.

Plastiki haipendi thina

Kuna sababu nyingine ya kuiacha thina, na hii ndiyo itakayomshawishi mtoto kuliko mawaidha yote ya afya: thina itamharibia gari.

Bodi za magari haya ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni nyembamba, inapinda ukiibonyeza na kurudi, na imetengenezwa kwa plastiki angavu inayoitwa polikaboneti. Hii ndiyo ya magari ya mashindano na ya wapenzi wa mchezo huu huko Marekani, Ulaya na Japani. Hupakwa rangi upande wa ndani, ili gari linapojibamiza ukutani ichubuke plastiki na si rangi. Kuitambua ni rahisi: pitisha kucha juu ya bodi. Kama nje ni laini na inang'aa kama kioo, ukiigeuza ukaikuta rangi kwa ndani, ni hiyo.

Aina ya pili ni ngumu, haipindi, na rangi iko nje. Magari mengi ya bei nafuu yako hivi, kwa plastiki ya ABS au polistirini. Baadhi hayana rangi kabisa, maana plastiki yenyewe ilitiwa rangi kiwandani. Hapo hakuna cha kubandua, na ni vizuri kuligundua hilo kabla ya saa mbili za kusugua.

Asetoni, ile inayotumika kutoa rangi ya kucha, huyeyusha ABS na polistirini mpaka zinanata mkononi. Polikaboneti nayo ikiguswa na asetoni, thina au petroli hufifia kama kioo chenye ukungu na kupata nyufa ndogo ndogo, hasa kwenye mikunjo na matundu ya skrubu. Huenda zisionekane siku hiyo. Gari likigonga ukuta wiki ijayo, bodi inapasuka vipande vyenye ncha.

Katika nchi ambako mchezo huu una wafuasi wengi, watu hutumia mafuta ya breki, dawa za kusafishia oveni, hata mafuta ya magari madogo ya injini. Hakuna hata moja kati ya hizo inayofaa kwenye nyumba yenye watoto. Mafuta ya breki yana kemikali za jamii ya glaikoli, na baadhi yake zina ladha tamu na huharibu figo. Dawa nyingi za oveni zina kostiki, ile inayotumika kutengenezea sabuni, ambayo huunguza koo na macho. Mafuta ya zile injini ndogo yana methanoli, na kiasi kidogo tu cha methanoli kinaweza kupofusha.

Vumbi la rangi

Njia inayoonekana salama kuliko zote ni msasa. Haina harufu, haina moto, na mtoto anaweza kukaa nayo mchana kutwa. Tatizo ni vumbi, na kwa gari la zamani lisilojulikana lilikotoka, tatizo ni madini ya risasi.

Risasi iliwekwa kwenye rangi kwa miaka mingi ili ikauke upesi, idumu, na iwe na wekundu, umanjano na uchungwa unaokoza. Marekani iliizuia kwenye rangi za nyumba na za vitu vya kuchezea mwaka 1978, lakini kuzuia sheria na kuzuia bidhaa ni mambo mawili. Mwaka 2007 kampuni ya Mattel ilirudisha kutoka sokoni maelfu ya magari madogo ya kuchezea, yaliyotengenezwa China, baada ya rangi yake kukutwa na risasi kupita kiwango. Kiwango ambacho WHO na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) wanapendekeza kwa rangi ni kisichozidi sehemu 90 kwa milioni. Kwa macho haionekani. Gari la mtumba halina cheti.

Kwa mujibu wa WHO, hakuna kiasi cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa hakina madhara, na mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutoka kwenye kiasi kile kile alichomeza. Haimlazi mtoto kitandani kwa homa. Inamgusa ubongo unaokua, umakini darasani, tabia, na damu kupungua. Mzazi huona mtoto mzito wa kuelewa na mwalimu huona mvivu. Njia ya kujua ni kipimo cha damu, na si kila zahanati inacho.

Kwa hiyo msasa mkavu usitumike kabisa kwenye rangi ya zamani. Rangi ikiwa inabanduka yenyewe kwa magamba na mwenye gari bado anatia vitu mdomoni, jibu la kweli ni kuliweka gari hilo kando. Linauma, lakini ni plastiki.

Kinachoweza kufanyika

Rangi ikiwa imara na mwenye gari ni mkubwa, ipo njia ya polepole. Kazi ya kemikali iwe ya mtu mzima. Mtoto apewe kazi ya kufungua skrubu, kutoa betri na kung'oa stika kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Hii tu, kwa magari mengi, inatosha kulifanya lionekane jipya.

Kwa bodi ngumu ya rangi ya nje, inayofaa ni spiriti ya aisopropili ya duka la dawa. Ijaribiwe kwanza sehemu iliyojificha, kwa dakika kumi. Plastiki ikibaki ilivyo, bodi ilowekwe kwenye chombo chenye mfuniko kwa saa kadhaa au usiku mzima, juu kabisa ambako hakuna mkono wa mtoto, mbali na moto. Rangi ikilegea isuguliwe kwa mswaki wa zamani ikiwa bado imelowa, nje ya nyumba, mikono ikiwa na glavu. Spiriti nayo inawaka, na mtoto akiinywa hulegea na sukari ya mwilini hushuka. Ikae kwenye chupa yake yenye lebo.

Polikaboneti haitii hivyo. Rangi zake hutengenezwa ziume kwenye plastiki, hivyo hata baada ya kusugua kwa spiriti na kitambaa mara nyingi hubaki kivuli. Kupaka mpya juu ya ile ya ndani hakusaidii, kwa kuwa kinachoonekana kutoka nje ni ile ya kwanza. Kwa bodi hizi, stika mpya zinampa mtoto gari lake bila tone la kemikali.

Magamba yaliyotoka yakusanywe kwa kitambaa chenye maji, si kwa ufagio, kisha yafungwe kwenye mfuko na kutupwa. Mikono na kucha vioshwe kwa sabuni kabla ya kula, na nguo za kazi zisitupwe kwenye kochi. Spiriti iliyotumika isimwagwe mtaroni. Ichanganywe na mchanga au maranda ndani ya kopo, liachwe wazi nje, mbali na moto na watoto, mpaka ikauke, ndipo litupwe.

Rangi mpya inunuliwe ile ambayo kopo lake linasema haina risasi. Kama ni ya kupuliza, apulize mtu mzima uwanjani. Gari likae siku mbili, harufu iishe kabisa, ndipo betri irudishwe.