Ukiambiwa "njoo siku tatu tu kwa wiki", usiondoke bila karatasi

Januari ni mwezi mgumu Chimala kwa sababu mbili zinazokutana: shule zinafunguliwa, na mpunga umepungua maghalani. Mashine za kukoboa ambazo baada ya mavuno zilikuwa zikinguruma kutwa kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma, sasa zinawashwa kwa kusuasua. Wakulima wa bonde la Usangu wako majarubani wanapandikiza miche, na mpunga mpya hauanzi kuja kwa wingi kabla ya Mei.

Ni katika mwezi huo mama mmoja, karani wa mizani kwenye mashine ya kukoboa, alisimamishwa na meneja wake jioni wakati wa kufunga stoo. "Dada, hali unaiona mwenyewe. Kuanzia wiki ijayo njoo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Ni kwa muda tu." Akajibu, "Sawa kaka," akachukua mkoba wake akaondoka. Ana watoto watatu, na mmoja ndiyo kwanza anaingia kidato cha kwanza. Jina lake tunalihifadhi kwa sababu bado yuko pale pale kazini.

Maswali yalimjia akiwa njiani. Mshahara utakuwaje? Kwa muda, mpaka lini? Na kwa nini yeye, wakati mwenzake wa stoo anaendelea siku zote sita?

Tuanze na jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia. Mwajiri aliyeishiwa kazi hafanyi kosa kwa kupendekeza kupunguza saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayefikiria kupunguza watu azungumze kwanza na wafanyakazi, au chama chao pale kilipo, juu ya njia za kuepuka kuwaachisha kazi. Kugawana siku chache zilizopo ni mojawapo ya njia hizo. Mimi mwenyewe ningechagua siku tatu kuliko barua ya kuachishwa. Lakini kupendekeza ni kitu kimoja, kutangaza mlangoni mwa stoo ni kitu kingine.

Saa za kazi na mshahara ni sehemu ya maelezo ya ajira ambayo sheria inataka yaandikwe. Yakibadilika, mwajiri anatakiwa ashauriane na mfanyakazi, ayarekebishe, kisha amjulishe kwa maandishi. Kama hukuwahi kupewa mkataba wa maandishi, usikate tamaa. Mkibishana mbele ya Tume au mahakama kuhusu mlichokubaliana, na mwajiri akashindwa kuleta maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha ni wake, siyo wako.

Yule mama, basi, "sawa" yake ya jioni haikuwa na karatasi yoyote nyuma yake. Hatari yake ni kwamba akiendelea hivyo miezi mitano bila neno, mwajiri atasema alikubali, na siku tatu ndizo mkataba wake mpya.

Hapo ndipo fedha inapoingia. Tuseme mshahara wake ni shilingi 260,000 kwa mwezi, kwa siku sita na saa 45 kwa wiki, ambazo ndizo kikomo cha saa za kawaida kisheria. Ukigawa mshahara wa mwezi kwa 4.333, kama jedwali la sheria linavyoelekeza, unapata kama 60,000 kwa wiki. Hiyo ni 10,000 kwa siku, au 1,333 kwa saa. Akifanya siku tatu na akikubali kulipwa kwa siku, anabaki na 130,000 kwa mwezi. Michango ya NSSF, ambayo ni asilimia 20 ya mshahara huku sehemu ya mfanyakazi ikiwa haizidi nusu yake, inashuka kutoka 52,000 hadi 26,000.

Sasa chukulia amefanya kazi pale miaka minne, na ifikapo Juni mwajiri anaamua kumpunguza kabisa. Kiinua mgongo ni angalau mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi kikomo cha miaka 10. Kwa mshahara wake wa zamani ni siku 28 mara 10,000, yaani 280,000. Kama kwenye karatasi mshahara wake umeshakuwa 130,000, mwajiri atashika huo na kudai kiinua mgongo ni 140,000. Neno "kwa muda" lililokosa tarehe linaweza kumgharimu mtu ada na sare za mtoto.

Ndiyo maana nasema tarehe ya mwisho ndiyo kitu cha kwanza cha kuomba, hata kabla ya kubishania kiasi. Barua iseme saa zimepunguzwa kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, mshahara wa kipindi hicho ni kiasi gani, na kwamba baada ya hapo mkataba unarudi ulivyokuwa. Ongeza sentensi moja: mfanyakazi akipunguzwa kazi ndani ya kipindi hicho, malipo yake ya mwisho yatakokotolewa kwa mshahara wa awali. Mwajiri mwenye nia njema hana sababu ya kukataa sentensi hiyo.

Mwajiri akigoma kuandika, andika wewe. Karatasi ya daftari inatosha. "Nakumbushia mazungumzo yetu ya tarehe fulani ambapo nilielezwa nije siku tatu kwa wiki. Niko tayari kufanya kazi siku zote za mkataba wangu. Naomba kujulishwa kwa maandishi mpunguzo huu unaisha lini na malipo yangu yatakuwaje." Toa nakala, mpe mbele ya shahidi, au mtumie kwa WhatsApp na uhifadhi ujumbe. Na kama tangazo lenyewe lilikuja kwenye grupu la kazi, lipige picha kabla halijafutwa.

Kuna hila moja ya kuangalia. Unaambiwa siku tatu, lakini kila siku unaingia alfajiri na kutoka giza. Saa za kawaida kwa siku hazizidi tisa. Zikizidi ni saa za ziada, zinazolipwa mara moja na nusu, isipokuwa kama mmeandikiana mpango wa siku ndefu, ambao nao hauvuki saa 12 kwa siku pamoja na muda wa chakula. Hata ukiandikiana hivyo, saa zako zihesabiwe zote. Siku tatu za saa 11 za kazi ni saa 33 kwa wiki. Ukilipwa 30,000 kwa saa hizo, thamani ya saa yako imeshuka kutoka 1,333 hadi 909. Amri ya kima cha chini cha mshahara hutaja viwango kwa saa, siku, wiki, wiki mbili na mwezi, hivyo tafuta kiwango cha saa cha sekta yako ulinganishe.

Mwenzake wa stoo je? Kuchagua nani apunguziwe kunaruhusiwa, ila kwa kigezo kinachoelezeka. Ujauzito, jinsia, hali ya ndoa na majukumu ya familia si vigezo. Sheria imevitaja kwa majina katika orodha ya ubaguzi uliokatazwa. Mama anayenyonyesha ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, na siku zikipungua haki hiyo haifutiki.

Kabla ya kukubali siku tatu, kuna pendekezo ambalo wengi hulisahau: likizo ya mwaka. Ni siku 28 zenye malipo, na mwajiri ndiye mwenye nafasi ya kupanga itachukuliwa lini. Kama hujaitumia, mwambie bosi akupe sasa wakati mashine zimelala, badala ya mwezi wa Julai anapokuhitaji. Yeye anapumua, wewe unapata mwezi mzima wenye mshahara.

Wabeba magunia na wanaochambua mchele husema haya ni ya watu wa ofisini. Siyo lazima. Mtu aliyemfanyia kazi mwajiri mmoja kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, sheria inamchukulia kuwa mfanyakazi mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata kama analipwa kwa gunia. Weka daftari la siku ulizofika.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuandika barua ya kuacha kazi kwa hasira. Kiinua mgongo ni cha aliyeachishwa na mwajiri. Ukijiondoa mwenyewe, utalazimika kuthibitisha kwamba mwajiri alifanya kazi isivumilike, na hilo ni gumu bila karatasi.

Kosa la pili ni kusubiri. Mgogoro wa kukatwa mshahara au kubadilishiwa masharti unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Wa kuachishwa kazi ni siku 30 tu, na aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana kinga ya kuachishwa isivyo haki. Hesabu sasa: mtu aliyepunguziwa saa katikati ya Januari akasema "ngoja tuone mpunga ukianza kuvunwa", ifikapo Mei amechelewa muda mrefu. Anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima atoe sababu nzito, na Tume inaweza kukataa.

Kwa watu wa Chimala, Tume iko Mbeya mjini. Unajaza Fomu Namba 1, unampa mwajiri nakala, unaiwasilisha na uthibitisho kwamba ameipokea. Hatua ya kwanza ni usuluhishi, watu wawili na msuluhishi mezani, na sheria imeupa siku 30. Kama uko kwenye chama, TPAWU kwa mashambani au TUICO kwa viwanda na biashara, anza na mwakilishi wako kabla hujalipa nauli.

Yule mama hakufika Mbeya. Mdogo wake alimsaidia kuandika barua fupi, akampa meneja Jumatatu asubuhi mbele ya mlinzi. Meneja aliisoma akacheka kidogo: "Dada, kumbe siku hizi tunaandikiana barua?" Ilichukua siku tisa na kukumbushwa mara mbili. Jibu lililokuja lilikuwa na mistari minne na muhuri: kwanza likizo yake ya siku 28 yenye malipo, kisha siku tatu kwa wiki hadi tarehe 30 Aprili, malipo kwa siku, na kuanzia tarehe 1 Mei mkataba wa awali. Ile sentensi ya malipo ya mwisho haikuwekwa. Ameomba tena, kwa maandishi, na nakala iko kwenye bahasha moja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.