Jina moja, vipimo tofauti: Funzo la baiskeli kuukuu

Kuna dhana iliyoenea miongoni mwa watu waliosoma kwamba kuunda upya baiskeli kuukuu ni kazi ya spana na grisi tu, isiyohitaji kufikiri sana. Dhana hiyo haina msingi. Yeyote aliyewahi kuifufua baiskeli ya zamani kwa vipuri vya leo anajua kwamba sehemu kubwa ya kazi ni kutambua ni kipuri gani kinachooana na kipi. Tena, tatizo hilo likichunguzwa kwa makini, mara nyingi hupatikana kwamba limeanzia katika majina. Kwa sababu hiyo, nadhani mwanaisimu naye ana neno la kusema.

Hebu tutazame mfano mmoja. Marehemu baba yangu mkubwa, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi magharibi mwa Kenya, aliacha baiskeli ya Raleigh iliyoundwa Nottingham, Uingereza. Ni ile baiskeli nzito, nyeusi, yenye breki za vyuma virefu badala ya waya, ambayo Wakenya huiita Black Mamba, iwe imetoka Uingereza, India au Uchina. Familia iliamua iundwe upya ili imfae mjukuu wake, ambaye hutembea kilomita saba kila asubuhi kwenda shule ya sekondari. Fremu ilikuwa nzima. Rimu ya nyuma ilikuwa imeliwa na kutu, matairi yamepasuka, na gololi za ndani zimelika.

Tulianza na tairi. Kijana alitumwa mjini akaagizwa tairi la 28, naye muuzaji akampa tairi lililoandikwa 28 ubavuni. Hata hivyo, tairi hilo lilikataa katakata kuingia kwenye rimu. Kijana alishangaa. Fundi wetu, mzee anayefanyia kazi yake chini ya mwembe kando ya soko, hakushangaa hata kidogo. Aliniambia, “Mwalimu, namba ni moja lakini rimu si moja.”

Maelezo ya jambo hilo ni haya. Namba 28 ilikusudiwa kueleza kipenyo cha nje, kwa inchi, cha tairi lililojazwa upepo. Lakini kinacholishikilia tairi si ukubwa wake wa nje. Ni mahali kingo zake zinapokalia rimu. Tairi la Black Mamba ni la 28 x 1½, na kipenyo chake pale linapokalia rimu ni milimita 635. Lile lililonunuliwa lilikuwa la 28 x 1⅝ x 1⅜, ambalo kipenyo chake ni milimita 622. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini hakuna nguvu za binadamu zinazoweza kuiziba bila kuharibu kitu.

Katika isimu, maneno yenye umbo moja na maana tofauti huitwa homonimu. Mwanafunzi hufunzwa kwamba neno “kaa” laweza kuwa kipande cha kuni kilichoungua, mnyama wa pwani mwenye magando, au amri ya kuketi, na kwamba muktadha ndio humwongoza msikilizaji. Mteja anayesimama mbele ya kaunta na kutaja “ishirini na nane” hana muktadha wa kumwokoa. Hupewa kilichopo, akalipa.

Upo pia mkasa wa pili, wa visawe. Rimu ile ile ya milimita 622 hujulikana kwa wengine kama 700C, kutokana na mtindo wa Kifaransa wa kutaja vipimo, na katika baiskeli za milimani za miaka ya karibuni huitwa 29. Mtu aweza kuziona namba hizo tatu dukani akadhani ni rimu tatu, kumbe kipenyo ni kimoja na kinachotofautiana ni unene wa tairi. Walimu wa hisabati nao watavutiwa na jambo hili: tairi la 26 x 1.75 hukalia rimu ya milimita 559, ilhali tairi la 26 x 1¾, lililotumiwa katika baiskeli za Schwinn za Marekani, hukalia rimu ya milimita 571. Darasani 1.75 na 1¾ ni kitu kimoja. Kwenye gurudumu si kitu kimoja.

Dawa ya vurugu hii ipo, nayo ni rahisi. Chini ya kanuni ya kimataifa ya ISO 5775, tairi huandikwa namba mbili ubavuni, kwa mfano 40-635. Ya kwanza ni upana wa tairi na ya pili ni kipenyo cha mahali linapokalia rimu, zote kwa milimita. Namba ya pili ikilingana na ile ya rimu, tairi litakaa. Kijana alirudi mjini akiwa ameandika 635 kwenye karatasi, na safari hii alileta tairi lililoingia bila mabishano.

Rimu ya nyuma nayo ilikuwa na fumbo lake. Kwa desturi ya Waingereza, gurudumu la mbele la baiskeli kama hii lilikuwa na spoki 32 na la nyuma 40. Rimu tuliyoonyeshwa dukani ilikuwa na matundu 36. Kitovu chenye matundu 40 hakiwezi kufungwa ipasavyo kwenye rimu hiyo, hata vipenyo vikilingana. Fundi hakutaka kubahatisha. Alisubiri hadi akapata rimu ya matundu 40 kutoka kwa baiskeli ya India iliyovunjika fremu.

Hatari kubwa zaidi ilikuwa pale mikono ya pedali inapopitia kwenye fremu. Ndani ya bomba hilo fupi mna vikombe viwili vya chuma vinavyoshikilia gololi, na vikombe hufungwa kwa mikato ya mviringo kama ya skrubu. Kipimo kilichoenea sana kina mikato 24 kwa kila inchi. Kwa miaka mingi, Raleigh ilitumia kipimo chake yenyewe chenye mikato 26. Kikombe cha kawaida hutiwa kwenye fremu kama hiyo, kikazunguka kidogo kisha kikakaza. Mtu asiyejua hufikiri ni kutu. Huchukua spana kubwa akakilazimisha, na mikato ya fremu ikasagika. Fremu iliyosagika mahali hapo haiponi kwa urahisi. Haraka haraka, walisema wahenga, haina baraka.

Fundi wetu alivitoa vikombe vya zamani, akikumbuka kwamba cha kulia hufunguliwa kwa kuzungushwa upande ulio kinyume na desturi. Alivisafisha, akaviangalia kwenye mwanga, akaona uso wake haujachimbika. Akavirudisha na gololi mpya, 11 kila upande, zenye kipenyo cha robo inchi. Sehemu iliyoogopwa kuliko zote ikawa ndiyo iliyogharimu fedha kidogo zaidi.

Pini zinazoshikilia mikono ya pedali zilitufunza jambo jingine. Zipo za milimita 9 na za milimita 9.5, na Raleigh hutaka za 9.5. Iliyo nyembamba huingia vizuri sana, kisha hulegea barabarani na kumwangusha mwendeshaji. Lakini hata pini ya kipimo sahihi haikai mpaka ubavu wake bapa upigwe tupa kidogo kidogo. Fundi alipiga tupa mara kadhaa, akijaribu kila mara. Hapo niliona tofauti kati ya kurekebisha na kulazimisha. Anayerekebisha amekwisha kupima na anajua apunguze wapi. Anayelazimisha hajapima chochote.

Baadhi ya wasomaji watauliza mambo haya yanahusu nini somo la lugha. Yanahusu sana. Mnamo 1841, mhandisi Mwingereza Joseph Whitworth aliwasilisha pendekezo la kusanifisha mikato ya skrubu, kwani wakati huo kila karakana ilikuwa na mtindo wake. Hakuketi ofisini akabuni kipimo kutoka kichwani. Alikusanya skrubu kutoka karakana nyingi za Uingereza, akazipima, kisha akapendekeza kipimo kilichotokana na wastani wake. Kipimo hicho kilikubaliwa kwa sababu kilifanana na vile ambavyo mafundi walikuwa wanavitumia tayari.

Usanifishaji wa Kiswahili ulifuata njia nyingine. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mnamo 1930. Tulipata lugha ya pamoja ya vitabu na shule, na hiyo ni faida isiyokanika. Hata hivyo, wenye lahaja nyingine, hasa Kimvita, walinung'unika, na manung'uniko yao hayakuwa ya bure. Kilichochaguliwa kutoka mahali pamoja huwaacha wengine na vipuri visivyooana.

Leo tunahitaji istilahi za ufundi kwa Kiswahili, na kishawishi ni kuzibuni kwenye meza za vyuo vikuu. Mafundi wetu tayari wana fremu, rimu, spoki, pedali, cheni, breki na keria. Hayo ni maneno ya kigeni yaliyopigwa tupa mpaka yakakaa katika matamshi yetu, kwa mfano spoki, lililopewa irabu mwishoni kama Kiswahili kinavyotaka. Ziko sehemu nyingine ambazo kila fundi huziita kwa jina lake, na hapo ndipo mteja na muuzaji hupotezana. Kabla ya kubuni neno, ni wajibu wetu kwenda chini ya mwembe tukasikilize, tuandike, kisha tulinganishe. Na kila jina liandikwe pamoja na kipimo chake.

Kazi hii yaweza kuanza shuleni bila kungoja bajeti. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa masomo ya ufundi wanaweza kuileta baiskeli moja kuukuu darasani. Wanafunzi wazitaje sehemu zake kwa majina wanayoyasikia nyumbani, wazipime kwa milimita, wasome namba zilizo ubavuni mwa matairi, na waandike orodha. Orodha za shule kumi kutoka maeneo mbalimbali zikiwekwa pamoja, tutaona ni majina gani yanayokubaliana na yapi yanayogongana. Mzazi aliye na shilingi za tairi moja tu hana fedha za kununua la pili kwa sababu namba ilimpotosha.