Nguzo za Mwamba Migodini: Kinachoachwa Ndicho Kinachobeba Paa

Tarehe 13 Januari, 2024 watu 22 walipoteza maisha baada ya kufukiwa na kifusi katika mgodi wa dhahabu wa Ng'alita, katika wilaya jirani ya Bariadi. Walikuwa wameingia katika eneo ambalo uchimbaji ulikuwa umezuiwa kufuatia mvua kubwa. Tangu hapo, swali la nini hasa huzuia ardhi isiporomoke limekuwa la kila kaya yenye kijana machimboni.

Jibu lililochunguzwa kwa kina zaidi limetoka kwenye makaa ya mawe. Mnamo Januari 21, 1960, mgodi wa Coalbrook nchini Afrika Kusini uliporomoka na kuua wachimbaji 435. Nguzo za makaa zilizoachwa kushikilia paa zilikuwa zimepunguzwa unene na vyumba kuongezwa kimo; zilipovunjika chache, mzigo ulihamia kwa jirani zake, nazo zikafuata. Watafiti Salamon na Munro walilinganisha nguzo 98 zilizosimama na 27 zilizoanguka, na mwaka 1967 wakatoa kanuni ya kukadiria nguvu ya nguzo. Walipendekeza nguvu hiyo iuzidi mzigo kwa takriban mara 1.6.

Mfano unasaidia. Katika kina cha mita 100, nguzo ya mraba yenye upande wa mita 10 na kimo cha mita 3, iliyozungukwa na njia za upana wa mita 6, hubeba takriban tani 640 kwa kila mita ya mraba. Uwezo wake ni kama tani 1,000. Mchimbaji akiimega mita moja tu kila upande, mzigo hupanda hadi tani 1,000, huku uwezo ukishuka hadi zaidi kidogo ya 900. Nguzo iliyokuwa salama sasa imezidiwa, ingawa kwa macho bado inaonekana nene.

Hesabu hiyo ni ya makaa ya mawe, na haifai kuhamishiwa kama ilivyo kwenye maduara ya dhahabu, ambako mwamba una nyufa na tabaka la juu limeoza. Huko matimba huhitajika pia, na maji ya mvua hulegeza hata kilichokuwa imara. Kinachobaki kilekile ni kishawishi: nguzo mara nyingi huwa na mawe yenye dhahabu, na kuimega ni fedha ya haraka.

Ukaguzi wa usalama migodini ni jukumu la Tume ya Madini, kupitia Ofisi ya Afisa Madini Mkazi wa Simiyu. Mchimbaji anayeona nyufa mpya kwenye nguzo, vipande vikibanduka ubavuni au matimba yakilia, atoke kwanza, kisha atoe taarifa katika ofisi hiyo au kwa mtendaji wa kijiji.