Gofu katika nchi jirani: mandhari nzuri na mchezaji mchanga

Mchezaji mchanga wa gofu anayepanga likizo katika nchi jirani huvutwa kwanza na picha. Hata hivyo, kinachopendeza machoni, yaani maji, mabonde na ukingo wa kilima, mara nyingi ndicho kinachomeza mipira yake, na siku aliyoilipia ghali huishia vichakani.

Mfano ni Baobab, uwanja wa mashimo 18 wa Vipingo Ridge katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya. Uwanja huo unaitazama Bahari ya Hindi kutoka juu, na mwaka 2019 ulipokea mashindano ya wazi ya wanawake ya Kenya, yaliyowakutanisha wachezaji wa kulipwa. Je, mgeni asiye hodari auepuke? Si lazima.

Chini ya utaratibu wa kimataifa ulioanza mwaka 2020, ugumu wa uwanja kwa mchezaji wa kawaida, ukilinganishwa na wa aliyebobea, hupimwa kwa namba kati ya 55 na 155, iitwayo slopu. 113 ndicho kiwango cha kati. Namba hiyo hubadilika kulingana na mahali mpira wa kwanza unapopigiwa. Basi aulize slopu ya alama za mbele, wala asione haya kuanzia hapo.

Asiyetaka mwendo mrefu ana Jinja, Uganda, karibu na chanzo cha Nile: mashimo 9, na zamani mpira ulipotumbukia katika unyayo wa kiboko, kanuni ya hapo iliruhusu kuuondoa bila adhabu.