Mhusika Wako Anadaiwa na Nani? Jibu Hilo Kabla Hujamweka Kwenye Tisheti

Swali ninaloulizwa sana inboksi ni hili: "Hizi katuni za Njuga unazipakua wapi, na mimi nichukue?" Sizipakui popote. Nazitoa kichwani, hapa hapa Lusu, Nzega. Wengi wakisikia hivyo wanakata tamaa, wanadhani ni lazima uwe umezaliwa na kipaji. Kuchora ni nusu ya kazi, tena nusu nyepesi. Leo naieleza ile nusu nyingine, maana ndiyo inayoniletea oda.

Kwanza tuelewane. Kuna wenzetu wanamchukua Mickey Mouse au Spider-Man mtandaoni, wanamprinti kwenye kikombe, wanaposti. Yule ana mwenyewe. Mwenyewe akilalamika, ukurasa wako pamoja na wafuasi uliowahangaikia miaka yote unaweza kufungwa asubuhi moja. Na hata asipolalamika, duka la jirani nalo lina Spider-Man huyo huyo, kwa hiyo mnabaki kushushiana bei mpaka faida inaisha.

Wahusika wa kujifunzia tunao wa kwetu. Chakubanga wa Christian Gregory alikuwa kwenye gazeti la Uhuru tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Jarida la Sani lilikuwa na Ndumilakuwili, Lodilofa, Pimbi, Madenge na Kipepe. Mtajie majina hayo mtu aliyekuwa shuleni wakati huo uone atakavyocheka. Kenya kuna Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyedumu Taifa Leo kwa miongo mingi. Naye Ally Masoud alimchora kipanya mpaka jina la yule mnyama likawa jina lake mwenyewe, Masoud Kipanya. Mwaka 2022 alipozindua gari la umeme, mtaani likaitwa gari la Kipanya. Hebu fikiria, mchoro wa gazetini umebeba jina mpaka kwenye magari.

Sasa angalia majina yenyewe. Lodi ni mtu anayejiona bwana mkubwa, lofa hana hata mia mfukoni. Ukiyaunganisha umeshapata hadithi kabla hujachora hata pua. Juha ni mjinga, halafu kalulu katika lugha kadhaa, Kichewa kwa mfano, ni sungura, yule mjanja wa ngano. Mjinga na mjanja ndani ya jina moja! Somo nililolichukua mimi ni kwamba mhusika anaanzia pale vitu viwili vinapogombana ndani ya mtu mmoja. Mtu mwema tu, au mkorofi tu, anachosha wiki ya pili.

Njuga nilimpata hivi. Mkoa wetu wa Tabora ndiko ilikopita njia ya misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, kitambaa chekundu mwilini, manyoya kichwani, na nyuma yake wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi. Njuga za miguuni zilisikika kabla watu hawajaonekana. Nikajiuliza, itakuwaje kama huyo anayetangulia kwa mbwembwe zote hizo haijui njia? Nikacheka peke yangu. Ukicheka peke yako, andika haraka kabla hujasahau.

Ila mtu mmoja hatoshi, anahitaji wa kumsumbua. Ndipo akaja Mama Karanga, anauza karanga kando ya njia, hajawahi kutoka kijijini lakini anaijua njia yote kwa kusikiliza wapita njia. Njuga amekula karanga zake kwa mkopo. Episodi ya kwanza ilikuwa picha mbili tu. Ya kwanza Njuga anasema, "Shikamoo mama. Deni lako nitalipa nikirudi." Ya pili Mama Karanga anajibu, "Marahaba mwanangu. Utarudi vipi na njia yenyewe huijui?"

Deni ni lipi? Hapa ndipo kusoma historia kunapolipa. Wapagazi walilipwa kwa nguo na shanga, na nguo iliyotamba sana iliitwa merikani kwa kuwa ilitoka Marekani. Yaani sisi wauza tisheti tunauza kitu ambacho babu zetu walikitumia kama pesa. Kwa hiyo Njuga anadaiwa mikono minne ya merikani. Tisheti yangu inayotoka kuliko zote haina hata sura yake, ina maneno NADAIWA MIKONO MINNE na njuga moja pembeni. Asiyefuatilia hadithi haielewi, anamuuliza aliyevaa, aliyevaa anamsimulia. Hilo tangazo silipii.

Lakini njia ile haikuwa ya kuchekesha tu. Walipita pia watu waliofungwa minyororo kupelekwa pwani kuuzwa. Niliamua mapema kwamba Njuga ni mpagazi wa ujira, na utumwa sitauweka kama pambo la nyuma kwenye kikombe cha chai. Wateja wawili walitaka niweke mnyororo "ionekane ya kale kweli". Nilikataa, mmoja akaenda zake. Ukichukua historia ya watu, chagua mwenyewe mapema usichouza, kwa sababu mteja hatakuchagulia.

Upande wa kuchora nitasema machache. Mchore mhusika wako mbele, ubavuni na mgongoni kwenye karatasi moja, uitunze, ili episodi ya 20 asije akawa na pua nyingine. Kisha mpake weusi mwili mzima, kivuli kitupu, umtazame kwenye simu akiwa mdogo kama picha ya wasifu. Kama hatambuliki, ongeza au punguza kitu. Njuga anatambulika kwa manyoya na kwa ndala moja, nyingine ilizama matopeni episodi ya nne na hajanunua mpaka leo. Rangi ziwe chache. Ukiprinti kwa fremu, kila rangi ni fremu yake na gharama yake. Mimi ninazo mbili, nyeusi na nyekundu.

Kuhusu hadithi, mimi naweka Jumanne na Ijumaa kwenye stetasi ya WhatsApp. Stetasi inafutika baada ya saa 24, na watu wanalijua hilo, wanawahi. Jambo likitokea libaki limetokea. Ndala ikipotea, imepotea. Mtu akiona kwamba unakumbuka, na yeye anaanza kukumbuka.

Na hapo ndipo palipoumia na kupona. Mwaka jana nilikuwa na oda ya tisheti 60 za Nanenane. Tisheti tupu nilishanunua. Wiki mbili kabla, mteja akaniambia amepata za Njuga kwa bei ya chini mji mwingine. Kuna muuzaji alipakua mchoro wangu, akaurekebisha kidogo, akaprinti. Oda ile haikurudi, nilikaa na ule mzigo mpaka Desemba. Lakini walionipa taarifa kamili ni wateja wenyewe, walinitumia picha za skrini: "Huyu siyo Njuga wetu, huyu amevaa ndala mbili." Nilimtumia yule muuzaji ile karatasi ya michoro yenye tarehe pamoja na episodi zote, kwa lugha ya heshima. Siku tatu baadaye alizitoa.

Kisheria mambo yako hivi. Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda tangu unapokamilisha mchoro, hata kama hujausajili popote. Kujisajili COSOTA kunakupa ushahidi mzuri siku ya ubishi. Jina la mhusika ukilitumia kama chapa ya biashara, hilo linasajiliwa BRELA: miaka 7 ya kwanza, kisha unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Ila wazo lenyewe halina mwenyewe. Kirangozi ni wa historia, kesho wewe mchore wako na mimi sina la kusema. Ndala moja na deni la mikono minne ndivyo vyangu.

Kama huchori, usiache. Andika kwenye daftari: anaitwa nani, anataka nini, nini ndani yake kinamzuia, anadaiwa na nani, hawezi kufanya nini hata akilipwa. Ukishajibu, tafuta mchoraji, mlipe, na muandikishane kabla hajashika penseli: picha ni za nani, jina ni la nani, na akitaka kuzitumia kwenye kazi zake nyingine itakuwaje. Karatasi moja yenye saini mbili inatosha kuanzia. Mchoraji akikataa kusaini, tafuta mwingine. Na wewe ukiwa ndiye mchoraji, andika idadi: "tisheti 100 za shule hii" siyo sawa na kumuuza Njuga.